Barua ya wazi: Msifunge jalada la mtoto kwa sababu robo mwaka imeisha

KWA: Wakurugenzi wa miradi, wafadhili na maafisa wa serikali wanaosimamia ustawi wa watoto na familia zinazoishi na VVU

KUTOKA KWA: Wahudumu wa ustawi ngazi ya jamii na wasimamizi wa kesi

YAH: WATOTO WANAOHESABIWA BILA KUHUDUMIWA, NA KAYA ZINAZOHITIMISHWA KABLA YA WAKATI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Barua hii tumeiweka hadharani baada ya njia za ndani kutufikisha ukingoni. Yaliyomo humu tumeyasema kwenye vikao vya kila mwezi, tumeyaandika kwenye sehemu ya changamoto katika ripoti za robo mwaka, na tumeyarudia kila timu ya usimamizi ilipokuja kukagua majalada. Tumejibiwa kwamba yamepokelewa. Robo inayofuata tunapewa fomu ile ile, lengo limepandishwa, na majina ya watoto wale wale yanasubiri tiki.

Lalamiko letu ni moja, na mengine yote yanachipuka humo. Mtoto anaandikwa kuwa amehudumiwa, kisha kaya yake inaandikwa kuwa imehitimu, yaani haihitaji tena mradi, na hakuna mahali kwenye fomu panapomlazimisha mtu kujibu swali hili: tukiondoka leo, miezi sita ijayo mtoto huyu atakuwa bado anakunywa dawa, anakula, anasoma na analala mahali salama?

Dawa zipo na vipimo vipo. Hata hivyo, takwimu za UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba duniani kote asilimia 57 tu ya watoto wanaoishi na VVU walikuwa kwenye matibabu, wakati kwa watu wazima ilikuwa asilimia 77. Mwaka huo huo, mwezi Februari, nchi 12 za Afrika zilikutana Dar es Salaam na kuahidi kumaliza UKIMWI kwa watoto ifikapo 2030. Mtu mzima anajipeleka kliniki, mtoto anapelekwa. Anayempeleka akiumwa, akihama, akikosa nauli au akiogopa kuonekana, mtoto anabaki nyumbani. Hapo ndipo kazi yetu ilipo, na hapo ndipo mfumo mliotupa unapotufunga mikono.

1. Huduma moja kwa robo mwaka ilikuwa kima cha chini. Imegeuka kuwa kazi yote.

Katika miradi inayofuata vipimo vya PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, mtoto aliye kwenye mradi huhesabiwa akiwa na mpango wa huduma unaofuatiliwa na akipata walau huduma moja katika kila robo mwaka. Sharti hilo liliwekwa ili mtoto asikae miezi mitatu bila kuonwa na mtu. Kinachotokea ni kwamba likishatimizwa, hakuna anayeuliza tena habari zake mpaka robo nyingine.

Tupige hesabu. Mhudumu mwenye kaya 60, akitembelea kila kaya mara mbili kwa mwezi, ana ziara 120. Kwa siku 20 za kazi, hizo ni ziara sita kila siku. Ziara ya maana haipungui saa moja: kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, kumpima mtoto, kukaa na mlezi peke yake, kukaa na mtoto peke yake, kujaza fomu. Ongeza mwendo wa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Haiwezekani, na kila mtu kwenye mnyororo huu anajua kuwa haiwezekani. Kwa hiyo ziara zinarundikana wiki mbili za mwisho wa robo, na huduma inayotolewa ni ile isiyo na gharama: "elimu ya afya" au "ushauri". Dakika kumi mlangoni, sahihi ya mlezi, tiki. Kwenye ripoti, mtoto huyo yuko sawasawa na yule aliyesindikizwa kliniki mara nne.

Mtasema wafadhili ndio wanaotaka namba. Ni kweli, na hatuwaombi muache kuhesabu. Tunachoomba ni kwamba kaya zipangwe kwa hatari, na idadi ya ziara ifuate hatari hiyo. Ziko kaya ambazo ziara moja kwa mwezi inazitosha. Ziko nyingine zinazohitaji kuonwa kila wiki kwa muda wa wiki 12 za mwanzo: yenye mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye VVU, yenye mtoto aliyeanza dawa karibuni, yenye mtoto ambaye virusi vyake havijafubaa (dawa haijavishusha), yenye mtoto mwenye utapiamlo mkali, na yenye dalili za ukatili. Mhudumu mwenye kaya za namna hiyo kumi hawezi kupewa nyingine hamsini juu yake.

2. Kaya inahitimishwa kwa kalenda.

Vigezo vya kuhitimisha kaya tunavijua kwa moyo, na vingi ni vizuri. Viko vinane: hali ya VVU ya kila mtoto na mlezi inajulikana; walio kwenye dawa virusi vyao vimefubaa; vijana wanaobalehe wana maarifa ya kujikinga; watoto wa chini ya miaka mitano hawana utapiamlo; mlezi aliweza kulipia shule na matibabu bila kuuza nyenzo za kumwingizia kipato; hakuna ukatili; kuna mtu mzima wa kudumu anayewalea; na watoto wa umri wa shule wanahudhuria na kupanda darasa. Ubovu hauko kwenye vigezo. Uko kwenye lengo la "kaya kadhaa zihitimu mwaka huu" linalopangwa kabla hata hatujazitembelea, na katika namna vigezo vinavyojibiwa ili lengo hilo lifikiwe.

Chukueni kigezo cha kwanza. Mtoto mchanga amepimwa akiwa na wiki sita, majibu hayakuonyesha maambukizi, na kwenye fomu panawekwa "inajulikana". Mtoto huyo bado ananyonya. Anatakiwa kupimwa tena akiwa na miezi 9, na jibu la mwisho linapatikana akiwa na miezi 18 au miezi 3 baada ya kuacha kunyonya, lolote litakalochelewa zaidi. Kuifunga kaya hii mtoto akiwa na miezi saba ni kumwacha katikati ya daraja. Akiambukizwa mwezi wa kumi, atakayejua ni nani? Na katika watoto wanaozaliwa na VVU au kuambukizwa siku za mwanzo, wasipotibiwa, karibu nusu hufariki kabla ya kutimiza miaka 2.

Kigezo cha pili kinajazwa kwa kipimo cha ndani ya miezi 12 iliyopita. Miezi kumi ni mirefu kwa mtoto. Katika muda huo mama amefariki, mtoto amehamia kwa shangazi, shangazi hajaambiwa dawa ni za nini. Jibu lililoko kwenye jalada ni la maisha mengine.

Kigezo cha fedha kinauliza habari za miezi sita iliyopita. Mlezi aliyekuwa na kibarua wakati huo anajibu ndiyo, kwa ukweli kabisa. Kibarua kinaisha mwezi unaofuata. Na kigezo cha ukatili, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote, kinaulizwa mbele ya mwenye nyumba, kwa sababu muda wa kukaa na mtoto pembeni haukuwekwa kwenye ratiba. Mtoto akiulizwa "kuna mtu anakuumiza hapa?" huku baba wa kambo amekaa kwenye kiti cha tatu, jibu ni moja tu.

Mtatuambia kwamba kaya zikikaa sana kwenye mradi zinajenga utegemezi. Tunakubali kwamba msaada usiokuwa na mwisho unadumaza, na tumeona kaya zinazoweza kusimama zikizuia nafasi ya zile zisizoweza. Lakini kaya inayorudi kwenye mradi baada ya mwaka ikiwa na mtoto mahututi inagharimu zaidi ya ile iliyosubiriwa miezi sita. Tena, kwa utaratibu wa sasa kaya iliyofungwa haifunguliwi kwa urahisi: inaandikishwa upya kama ngeni, tathmini inaanza ukurasa wa kwanza, na wakati huo mtoto anasubiri.

3. Kliniki na nyumba haziongei, na dozi inaanguka katikati.

Hapa tunaomba msome taratibu.

Kidonge cha dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji kimebadilisha maisha ya watoto wadogo. Kabla yake walezi walihangaika na dawa za maji chungu ambazo mtoto alizitema. Lakini dozi ya kidonge hiki inafuata uzito. Mtoto wa kilo 3 hadi 5.9 anapewa nusu kidonge. Akifika kilo 6 anapewa kidonge kimoja na nusu, yaani mara tatu ya alichokuwa akinywa. Kuanzia kilo 10 ni vidonge viwili, kuanzia kilo 14 ni viwili na nusu, na akifika kilo 20 anahamia kidonge cha watu wazima cha miligramu 50. Dawa anazonywa pamoja nayo nazo zina ngazi zake.

Sasa mtoto wa kilo 5.7 amepewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo ili mlezi asisumbuke na nauli. Nia ni njema. Wiki tatu baadaye ana kilo 6.2, na mlezi anaendelea kukata nusu kidonge kila asubuhi, kwa uaminifu, bila kukosa hata siku moja. Akirudi kliniki anaonekana mfuasi mzuri wa dawa, vidonge vilivyobaki vinalingana na hesabu, na virusi vimepanda. Anaulizwa kama alikuwa anaruka dozi. Hakuruka. Alifuata maelekezo ya mtoto aliyekuwa mdogo kuliko huyu.

Mhudumu wa jamii mwenye mizani angeliona hilo kwenye ziara moja. Wengi wetu hatuna mizani. Tuna mkanda wa kupima mzunguko wa mkono, ambao ni kifaa kizuri kwa kazi yake: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri. Lakini mkanda hausemi kilo. Hatuombi ruhusa ya kubadili dozi. Hiyo ni kazi ya kliniki na inapaswa kubaki huko. Tunaomba mizani ya kuning'iniza kwa wachanga na ya kusimama kwa wakubwa, jedwali la ngazi za uzito lililobandikwa ndani ya jalada, na namba ya simu ya muuguzi anayeweza kusema "mleteni kesho" mtoto anapovuka ngazi.

Na kuna mambo ya jikoni ambayo hayaonekani kliniki. Kidonge kinatakiwa kukorogwa kwenye maji safi kidogo mpaka kiyeyuke chote, mtoto anywe papo hapo, kisha kikombe kisuuzwe kwa maji kidogo na yale masalia nayo anyweshwe. Mlezi akijaza kikombe, mtoto anashiba maji kabla ya kufika nusu. Asiposuuza, dawa inabaki chini kama vumbi jeupe. Akikoroga usiku ili asubuhi aiwahi kazi, dawa hiyo si ya kutegemewa tena. Bibi mwenye macho yaliyofifia anakata nusu mbili zisizolingana. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi inarudiwa, na walezi wengi hawajawahi kuambiwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalogunduliwa kwa kuuliza "unampa dawa vizuri?" Yanagunduliwa kwa kusema: mama, hebu tuonyeshe unavyofanya. Ziara ya dakika kumi mlangoni haina nafasi ya sentensi hiyo.

Upande wa majibu ni vivyo hivyo. Mtoto ambaye wingi wa virusi umezidi nakala 1,000 kwa mililita anatakiwa kuingia kwenye ushauri wa kina wa ufuasi wa dawa, kwa kawaida vikao vitatu, kimoja kila mwezi, kisha apimwe tena. Ni wakati ambao nyumba inapaswa kutembelewa kuliko wakati mwingine wowote, maana sababu iko nyumbani: mtoto analala kwa ndugu mwishoni mwa wiki, dawa imefichwa mahali asipofika, mlezi mwenyewe ameacha zake. Sisi majibu hayo tunayapata kwenye kikao cha robo mwaka, wakati vikao vitatu vimeshapita au havijafanyika kabisa.

Mtajibu kwamba taarifa za mgonjwa ni siri. Ni siri, na tutakuwa wa kwanza kuilinda. Ndiyo maana tunaomba mambo matatu tu, kwa idhini ya maandishi ya mlezi: tarehe ya hudhurio lijalo, kama dawa zilichukuliwa, na kama virusi vimefubaa au havijafubaa. Hatuhitaji faili lote. Makubaliano ya kurasa mbili kati ya kliniki na mradi yanatosha, pamoja na kikao cha kila wiki mbili cha nusu saa ambapo muuguzi na msimamizi wa kesi wanapitia orodha ya waliokosa tarehe. Mtoto aliyekosa tarehe afuatiliwe ndani ya siku saba. Asisubiri mwisho wa mwezi.

4. Tunawatangaza watoto tunaodai kuwalinda.

Gari lenye nembo kubwa linaegeshwa mbele ya nyumba moja kati ya kumi. Fulana zetu zinasomeka kutoka mbali. Majina yanaitwa kwa sauti siku ya kugawa madaftari, na watoto wengine wamesimama wakitazama nani anaitwa. Baada ya hapo shuleni wanaitwa "watoto wa mradi", na kila mmoja anajua mradi gani. Tumewahi kuomba fulana ziondolewe tukaambiwa mwonekano ni sharti la mkataba. Basi mwonekano uende kwenye bango la ofisi. Ugawaji ufanyike nyumba kwa nyumba au kupitia shule, kwa watoto wote wenye uhitaji bila kutaja sababu ya uhitaji.

5. Kumwambia mtoto hali yake kumefanywa swali la ndiyo au hapana.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unashauri watoto wa umri wa shule waambiwe hali yao ya VVU, na walio wadogo zaidi waandaliwe hatua kwa hatua kwa kadiri ya uelewa wao. Neno zito hapo ni hatua kwa hatua. Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kuambiwa kwamba ndani ya mwili wake kuna mdudu anayelala, na dawa ndiyo inayomlaza. Akifika miaka minane au tisa anaelezwa habari ya askari wa mwili na kwa nini dozi haikosi. Jina la VVU linakuja baadaye, kabla hajaingia kwenye balehe yenyewe, likisemwa na mlezi, sisi au muuguzi tukiwa pembeni. Kila hatua ni ziara, mara nyingine tatu, kwa sababu anayehitaji kuandaliwa kwanza ni mlezi. Mama anaogopa swali moja: "Nimeipata wapi?"

Kinachoharibika tunakifahamu. Mtoto ameambiwa dawa ni za kifua. Akiwa na miaka kumi na mbili anajua kusoma, anasoma maandishi ya kwenye kopo, au mwalimu anataja jina la dawa hiyo darasani, au binamu anamtupia neno wakati wa ugomvi. Siku hiyo anajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba ana VVU, na kwamba wote aliowaamini walimdanganya. Vidonge vinaanza kutupwa chooni. Fomu yetu ina kisanduku kimoja, "ameambiwa: ndiyo/hapana", na kuna msukumo wa kujaza ndiyo. Tunaomba kisanduku hicho kigawanywe kuwa hatua nne au tano zenye tarehe, ili mhudumu anayempokea mtoto ajue alipofikia na asije akaropoka jina ambalo mtoto hajalisikia.

6. Upimaji wa watoto wa wazazi wenye VVU usiendeshwe kwa kukimbiza idadi.

Kila mtoto wa mama anayeishi na VVU anastahili kupimwa, hata aliyefika miaka 14 akiwa na afya njema, maana wapo wanaokua na virusi muda mrefu bila dalili. Hilo tunaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mhudumu akipewa idadi ya kufikisha kwa wiki, hiari ya mlezi inageuka kuwa jina tu. Mama ambaye mumewe hajui hali yake hawezi kuwatoa watoto wake watatu kupimwa siku moja bila kuulizwa. Aulizwe kwanza, faraghani, kama kufanya hivyo kutamletea kipigo au kufukuzwa. Akisema ndiyo, tunapanga naye njia nyingine na tunasubiri, na mhudumu asikatwe posho kwa sababu alisubiri.

7. Msaada wa kiuchumi unafika kwa mpangilio uliopinduliwa.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinafanya kazi. Watu 15 hadi 25 wanaojuana, hisa moja hadi tano kila kikao, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, mgao baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Tunavipenda. Ila vina kanuni zake, na miradi inazivunja. Mlezi ambaye jana watoto wake hawakula anaingizwa kwenye kikundi wiki ya kwanza, anakosa hisa wiki ya tatu, anaona aibu, haji tena, wala hapokei ziara zetu, kwa sababu ametufananisha na deni. Au mradi, kwa kutaka matokeo ya haraka, unamwaga fedha za nje ndani ya sanduku. Wanachama wanaacha kuogopa kupoteza fedha ambazo si jasho lao, marejesho yanalegea, na kikundi kinakufa kabla ya mgao wa kwanza.

Mpangilio sahihi unaanza na njaa: kaya iliyo hoi ipewe chakula au fedha taslimu kwa miezi ya mwanzo, bila masharti ya kujiunga na chochote. Kikundi kije kaya ikishapata pumzi. Vifaa vya shule navyo vifike kabla muhula haujafunguliwa. Sare inayofika wiki ya saba inamkuta mtoto ambaye amekwishatolewa darasani na kuzoea kukaa nje.

8. Wanaofanya kazi hii hawalipwi kama wafanyakazi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Unashauri walipwe malipo yanayolingana na uzito wa kazi, saa, mafunzo na majukumu yao, na malipo hayo yasitegemee pekee au kwa sehemu kubwa idadi ya matokeo. Wengi wanaotembelea watoto hawa wanaitwa "wa kujitolea" na wanapewa posho isiyofika mwezi mzima, huku nauli ikitoka mfukoni mwao. Posho inayokatwa idadi isipofikiwa inazaa takwimu za uongo. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu mmetulazimisha kuchagua kati ya kusema kweli na kulisha watoto wetu, na kwa sababu data mnazoziwasilisha mbele ya wafadhili zimejengwa juu ya uchaguzi huo.

9. Hakuna mpango wa siku fedha zitakapokatika.

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani iliamuru misaada yake ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Katika miradi iliyotegemea fedha hizo, kazi zilisitishwa ndani ya siku chache. Majalada yalibaki kwenye makabati yaliyofungwa. Watoto waliokuwa katikati ya vikao vya ufuasi wa dawa, wasichana waliokuwa na kesi za ukatili, kaya zilizokuwa zinangoja rufaa: hakuna aliyekabidhiwa kwa mtu. Hatuwalaumu kwa uamuzi uliofanyika mbali nanyi. Tunawauliza kwa nini hadi sasa hakuna karatasi inayosema nani atampokea mtoto yupi ikitokea tena.

TUNACHOKIOMBA

Ndani ya siku 30, simamisheni uhitimishaji wa kaya zote zenye mtoto anayenyonya aliyezaliwa na mama mwenye VVU ambaye hajapata jibu la mwisho, na kaya zenye mtoto ambaye kipimo chake cha wingi wa virusi kimezidi miezi sita au ambaye amebadilishiwa mlezi tangu alipopimwa. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji waraka mmoja wenye sahihi.

Ndani ya siku 60, wekeni makubaliano ya kliniki na mradi kuhusu yale mambo matatu, na kikao cha kila wiki mbili kianze.

Ndani ya siku 90, kila kundi la wahudumu watano lipate mizani mbili na jedwali la uzito. Idadi ya kaya kwa kila mhudumu ipangwe upya kwa hatari. Fulana na nembo ziondolewe kwenye ziara za nyumbani. Na posho ilipwe kwa muda wa kazi, nauli ikiwa kando.

Kaya isifungwe mpaka msimamizi wa kesi na muuguzi wa kliniki wote wawili waweke sahihi, vigezo vikiwa vimetimia katika tathmini mbili zilizopishana miezi mitatu. Baada ya kufungwa itembelewe mwezi wa tatu na wa sita. Mambo yakiharibika, jalada lile lile lifunguliwe siku hiyo hiyo.

Kabla mwaka wa fedha haujaisha, kila mradi uwe na orodha ya makabidhiano inayohuishwa kila robo: jina la mtoto kwa namba ya siri, kiwango cha hatari, huduma iliyo njiani, na afisa wa serikali atakayempokea. Waheshimiwa wa upande wa serikali, safu hii ya mwisho ni yenu. Ikiwa hamna maafisa wa kutosha wa ustawi wa jamii kuijaza, semeni sasa, idadi inayopungua ijulikane na iombewe fedha kwenye bajeti.

Tuko tayari kukaa nanyi siku yoyote mtakayotaja, tukiwa na majalada mkononi, majina yakiwa yamefunikwa. Tunaomba kikao hicho kifanyike ndani ya siku 14, na wawepo walezi wawili na kijana mmoja anayeishi na VVU watakaokubali kwa hiari yao kuzungumza.

Wakati tunasubiri, tunaendelea na ziara. Wiki hii wapo watoto wachanga wanaotimiza wiki sita, na damu zao zinatakiwa kuchukuliwa.

Wenu katika kazi,

Wahudumu wa ustawi ngazi ya jamii na wasimamizi wa kesi

Nakala:
Kamati za ulinzi wa watoto
Wasimamizi wa kliniki za tiba na matunzo
Mitandao ya watu wanaoishi na VVU